Masafa ni Yaleyale, Uliopungua ni Muda: Safari ya Morogoro hadi Makka na Swala ya Msafiri

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tangu siku hiyo, mtu anayeswali Alfajiri katika msikiti wa mtaani kwake Morogoro anaweza kufika Dar es Salaam kwa muda usiofika saa 2, akamaliza shughuli zake na kuiwahi Ishaa nyumbani. Neema hii imerudisha misikitini suala la zamani kwa sura mpya: je, abiria huyu aliyekaa kwenye kiti laini, mwenye hewa ya ubaridi na choo ndani ya behewa, bado ni msafiri wa kufupishiwa swala? Wapo wanaosema kwamba qasr iliwekwa kwa ajili ya taabu, na taabu ikiondoka ruhusa nayo imeondoka. Wapo upande wa pili wanaofupisha na kuchanganya swala kwa kutoka tu nje ya mji kwenda shambani, wakisema jua ni kali na njia ni mbaya.

Suala hili si dogo. Anayefupisha pasipo haki ameacha rakaa mbili za faradhi. Naye anayewakataza watu ruhusa ya Allah amewafungia mlango ambao hakuufungua yeye. Tumeona ni vyema tulitazame kwa macho mawili, la historia na la fiqhi. Njia ya Morogoro kwenda pwani, na kutoka pwani kwenda Makka, ni shahidi mzuri: masafa yake hayakubadilika, ila muda wake umebadilika mara nyingi.

NJIA YA WAPAGAZI

Kabla ya reli, milima ya Uluguru ilikuwa alama kubwa kwa misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Njia zilipita pande zote mbili za milima. Mwaka 1857 msafara wa Waingereza Burton na Speke ulipita upande wa kusini-mashariki, penye kituo cha Zungomero, mahali walipokutana wafanyabiashara wa pwani na wa bara. Baadaye njia ya kaskazini ikapata nguvu, ile iliyopita Simbamwene, mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo karibu na ulipo mji wa Morogoro leo.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Aliacha hesabu ambayo kwa mwanafunzi wa fiqhi ina thamani kubwa. Alikadiria kwamba kutoka Bagamoyo hadi Simbamwene ni maili 119, sawa na kilomita 191 hivi. Masafa hayo waliyakata kwa miendo 14, yaani siku 14 za kutembea. Lakini kwa sababu ya mvua za masika, na kwa kungoja kundi la wapagazi lililochelewa, miendo hiyo 14 ilichukua siku 29. Maana yake siku 15 zilipita msafara umekaa.

Tuizingatie hesabu hiyo. Maili 119 kwa miendo 14 ni maili 8 na nusu kwa siku ya mwendo, yaani kilomita zisizofika 14. Hivyo ndivyo anavyotembea mtu aliyebeba mzigo kichwani katika tope la masika, akivuka mito isiyo na madaraja. Ndani ya misafara hiyo walikuwamo Waislamu wengi: waungwana wa pwani, askari, viongozi wa msafara kama Mubarak Bombay aliyewatumikia Burton, Speke na Stanley, na Waarabu wa Oman wenye mali. Wote hao faradhi ya swala iliwafuata njiani.

Na hawakuwa wa madhehebu moja. Watu wa pwani wengi wao walikuwa Mashafii, na Waarabu wengi wa Oman walikuwa Maibadhi. Kwa Maibadhi safari inaanza kuhesabiwa kwa farsakh 2, takriban kilomita 12, na kufupisha kwao ni wajibu. Kwa Mashafii ni farsakh 16. Kwa hiyo katika msafara mmoja, kwenye kambi moja, mtu anayekwenda kituo cha karibu tu aliweza kuwa msafiri kwa madhehebu ya jirani yake na asiwe msafiri kwa madhehebu yake mwenyewe. Ikhtilafu hii ni ya tangu zamani. Anayedhani imeletwa na vijana wa leo hajaisoma historia.

Tuzitazame pia zile siku 15 za kukaa. Kwa Mashafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkazi na hukamilisha swala. Lakini akikaa kwa kungoja haja anayoitarajia wakati wowote, kama anayengoja wapagazi wafike au mto upungue, anaweza kufupisha hadi siku 18. Hukumu inamtofautisha aliyeweka nia ya kukaa na aliyezuiliwa njiani, hata kama wote wawili wamekaa kambi moja kwa idadi moja ya siku.

RELI YA KWANZA NA RELI YA PILI

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na Desemba 1907 ikafika Morogoro. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pale Morogoro jambo kubwa lilitokea: safari iliyokuwa ya wiki mbili kwa miguu mambo yakienda vizuri, na mwezi mzima yakienda vibaya, ikawa ya siku moja. Mpagazi akapoteza kazi yake, na Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa bara, ikaanza kupoa.

Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yale ya mwaka 2024. Kutoka siku 14 hadi siku 1 ni kupungua mara 14. Kutoka siku moja ya garimoshi, au saa 4 na zaidi za basi, hadi saa zisizofika 2 ni kupungua kidogo tu ukilinganisha. Kwa hiyo kama kasi ya chombo ingekuwa inafuta hukumu ya msafiri, ingekuwa imeifuta Morogoro tangu mwaka 1907. Lakini Waislamu wa pwani na bara waliopanda garimoshi hilo waliendelea kusoma katika vitabu vilevile masharti yaleyale ya qasr, kwa sababu vitabu hivyo vilikwisha jibu suala la kasi karne nyingi kabla ya reli.

KIPIMO CHA MAFAKIHI

Asili ya kufupisha swala ni aya ya 101 ya Suratun-Nisaa, inayowaondolea dhambi wanaosafiri wakifupisha swala endapo wanachelea fitna ya makafiri. Aya haikutaja maili wala siku. Wanachuoni wakarejea kwenye Sunna na matendo ya Maswahaba kutafuta safari hiyo ni ipi.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alifupisha katika masafa kama ya Makka na Taif, Makka na Usfan, na Makka na Jeddah, na hakuona kufupisha kwa aliyetoka Makka kwenda Arafa tu. Imamu Malik akasimama hapo, akasema masafa hayo ni burud 4. Na Imamu Shafii akaenda kwenye kipimo kama hicho: marhala 2, ambazo ni farsakh 16, yaani maili 48 za Kihashimu. Kila mwanafunzi wa madrasa zetu aliyesoma Matni ya Abu Shujaa amekutana na farsakh hizo 16. Wanachuoni wa zama hizi wakizigeuza kuwa kilomita, wengi husema takriban 81, na wengine hufikia 88 au 89, kwa kutofautiana katika urefu wa dhiraa.

Mahanafi walikwenda njia nyingine. Kipimo chao cha asili ni muda: mwendo wa siku 3 wa ngamia au mtembea kwa miguu, mwendo wa kati na kati, pamoja na mapumziko ya kawaida. Nao waliitazama ardhi: mlimani huhesabiwa mwendo unaofaa mlimani, na baharini mwendo wa jahazi katika upepo wa wastani. Lakini hata wao hawakukusudia muda anaoutumia msafiri fulani. Walikusudia muda wa mwendo wa kawaida uwe kipimo cha masafa. Anayeharakisha akakata masafa ya siku 3 kwa siku 2 bado hufupisha. Wakajadili hata walii anayekunjiwa ardhi kwa karama, akafika pa mbali kwa dakika: je, naye hufupisha? Wakahitilafiana. Aliyewaza suala hilo asingetishwa na treni.

Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) alisema sheria haikuweka maili, na kila kinachoitwa safari katika ada ya watu ni safari. Rai hii inafuatwa na ndugu zetu wengi leo. Lakini tuseme ukweli: rai hii nayo haimpi ruhusa anayekwenda shambani asubuhi na kurudi adhuhuri, kwa sababu hakuna katika ada yetu anayemwita huyo msafiri. Na haiondoi ruhusa kwa anayekwenda mbali kwa haraka kwa sababu tu ya haraka yake.

Ama kuhusu kasi yenyewe, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) aliimaliza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu vizazi kwa vizazi. Maana ya maneno yake ni kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mtu akizikata zile maili baharini kwa muda wa saa moja tu, atafupisha. Wakati wake hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Alilisema kama kanuni, na kanuni ikaingoja treni na ndege kwa karne nyingi.

SABABU NA HEKIMA

Huenda msomaji akauliza: mbona basi tunafundishwa kwamba qasr ni tahafifu kwa sababu ya taabu za safari? Jibu liko katika usulul-fiqhi, kwenye tofauti ya sababu ya hukumu (illa) na hekima yake.

Hekima ya kufupisha ni kuondoa mashaka. Lakini mashaka hayapimiki. Kijana huona raha pale mzee anapoona adhabu. Mwenye kiti cha dirishani hachoki kama aliyesimama kwenye daladala. Kama hukumu ingefungwa kwenye uchovu, kila mtu angekuwa mufti wa mwili wake, na imamu asingejua awaswalishe wageni rakaa ngapi. Kwa hiyo Sheria ikaifunga hukumu kwenye kitu cha dhahiri kinachopimika, nacho ni safari. Safari ikipatikana, hukumu hupatikana, hata kama taabu imepungua.

Dalili ya jambo hili ni kisa kilichopokewa na Imamu Muslim. Yaala bin Umayya alimuuliza Umar (r.a.) kuhusu aya ile ya Suratun-Nisaa: Allah ametaja kufupisha pamoja na hofu, na sasa watu wako katika amani. Umar akamjibu kwamba hata yeye lilimshangaza jambo hilo, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamjulisha kuwa hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi waipokee sadaka Yake.

Tuizingatie sana hoja hii. Hofu imetajwa katika aya yenyewe, kwa lafudhi. Ilipoondoka, ruhusa haikuondoka. Taabu ya njia haikutajwa kabisa katika aya. Vipi basi kuondoka kwake kuiondoe ruhusa? Na aliyepewa sadaka hasemi kwamba leo anacho cha kutosha akairudisha kwa Mwenye kutoa.

Tena si kweli kwamba safari ya leo haina taabu. Mtume (s.a.w.) aliieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, na akaamuru anayemaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Abiria wa treni hana tope la masika, lakini ana saa ya kuondoka isiyomngoja, mizigo, watoto, foleni na mji asioujua. Taabu imebadilika sura.

MPANDA MLIMA WA ULUGURU

Lipo suala gumu zaidi, na wakazi wa Morogoro ndio wenye haki ya kuliuliza. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Mkulima wa Mgeta au Nyandira, au wa upande wa Matombo, anapanda na kushuka miteremko mikali na mzigo wa mboga au ndizi mgongoni. Akitoka mjini kurudi kwake, masafa yake hayafiki kilomita 81. Huyu kwa madhehebu ya Shafii haswali qasr. Na yule aliyesinzia kwenye treni hadi Dar es Salaam anafupisha. Uadilifu uko wapi?

Uadilifu uko katika kujua kwamba Sheria haikuweka mlango mmoja. Qasr ni ruhusa ya safari, siyo dawa ya kila taabu. Mwenye taabu isiyo ya safari amewekewa milango yake. Asiyeweza kusimama huswali amekaa. Asiyepata maji, au anayedhuriwa nayo, hutayamamu. Na wa milimani wana mlango wa mvua. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na njia za vilimani huteleza kama sabuni. Mashafii wameruhusu kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Ishaa, katika wakati wa swala ya kwanza, kwa mvua inayorowesha nguo, kwa wanaoswali jamaa katika msikiti ulio mbali nao kiasi cha kutaabika njiani. Huchanganya, lakini hukamilisha rakaa zote. Imamu wa kijiji cha mlimani asiyewafundisha watu wake ruhusa hii amewanyima haki yao. Anayewaswalisha rakaa mbili kwa hoja ya mlima naye amewapotezea faradhi.

Kwa rai ya Mahanafi kuna jambo la ziada: mlima huhesabiwa kwa mwendo wa mlimani. Na hata kwetu Mashafii, kinachohesabiwa ni njia inayopitwa, na wala si mstari ulionyooka kwenye ramani. Barabara ikizunguka mlima, mizunguko yake imo katika hesabu. Kwa hiyo anayetoka Morogoro kupita Matombo hadi Kisaki, safari inayozidi kilomita 100 kwa barabara, ni msafiri, ingawa kwa mstari wa ndege ni karibu zaidi. Ila tu aliyechagua njia ndefu kwa kutaka kufupisha swala, bila haja nyingine, huyo hapati ruhusa.

KUTOKA DAR ES SALAAM HADI JEDDAH

Sasa tupande ndege. Kiwanja cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam kiko karibu na digrii 6.9 kusini ya Ikweta, na kiwanja cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah, kilichofunguliwa mwaka 1981, kiko karibu na digrii 21.7 kaskazini. Ajabu ni kwamba vyote viwili viko karibu na longitudo moja, ya digrii 39 mashariki. Ndege inakwenda kaskazini moja kwa moja, masafa ya kilomita 3,160 hivi. Kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa, pamoja na kupaa na kutua, ni safari ya saa 4 na zaidi kidogo. Kwa marhala ya ngamia masafa hayo ni marhala 78. Kwa miguu ya wapagazi wa mwaka 1871 yangekuwa miendo zaidi ya 230.

Wazee wetu walikwenda Hija kwa bahari. Jahazi lilitegemea pepo mbili: kaskazi iliyoleta vyombo pwani yetu, na kusi iliyovirudisha. Lakini mwezi wa Dhul-Hijja hautegemei upepo. Hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua, na huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Kwa hiyo ilikuwapo miaka ambayo kusi na Hija vilipatana, na miaka ambayo haji alilazimika kuondoka miezi mingi kabla na kungoja ugenini. Katika miaka ya 1870 meli za moshi za kati ya Aden na Unguja zilianza kwenda kwa ratiba, na utumwa wa upepo ukaanza kuondoka.

Kwa sababu ndege inafuata longitudo, msafiri wetu hageuzi saa yake. Tanzania na Saudia zina saa moja, na adhuhuri ya Makka huitangulia ya Morogoro kwa dakika 9 tu. Lakini Magharibi si hivyo. Mwezi wa Juni jua la Makka huzama kama dakika 45 baada ya la Morogoro, na Desemba huzama karibu saa nzima kabla. Tena aliye angani, kwenye kimo cha kilomita 11, huliona jua kwa dakika 13 hivi au zaidi baada ya kuzama kwa walio chini yake. Kwa hiyo aliyefunga akiwa ndani ya ndege hafuturu kwa saa ya Morogoro wala ya Makka, wala kwa mji ulio chini yake. Hufuturu jua linapozama pale alipo yeye.

Lipo jambo moja ambalo kasi imelifanya kuwa zito zaidi, nalo ni miqati. Anayeingia kutoka kusini huwa mkabala na Yalamlam, miqati ya watu wa Yemen. Kwa makisio, kutoka mkabala huo hadi kutua Jeddah ni kilomita 130 hivi. Meli ya moshi iendayo kilomita 18 kwa saa iliwapa mahujaji saa 7 baada ya kuambiwa kwamba miqati imefika. Ndege huzimaliza kwa takriban robo saa. Anayengoja tangazo ndipo atafute nguo zake kwenye begi lililowekwa chini ya ndege atavuka miqati bila ihramu, na itamlazimu kurudi au kuchinja. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman mwaka 1986, liliamua kwamba wanaokuja kwa ndege na kwa bahari wahirimie wanapokuwa mkabala na miqati, wala wasicheleweshe hadi Jeddah. Avae nguo za ihramu kabla ya kupanda, na anuie kabla ya kufika kwa tahadhari. Masafa ya miqati hayakusogea. Ni sisi tunaotakiwa kuwahi.

Na anaposhuka Jeddah kwenda Makka, haji anapita katika masafa yaleyale aliyoyataja Ibn Abbas. Kipande hicho cha barabara ni katika vipimo vya kwanza vya fiqhi ya safari. Kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa ngamia. Leo gari hukikata kwa muda wa saa moja na kitu, na hakuna mwanachuoni aliyesema kipimo kimefutika.

MUHTASARI KWA MAIMAMU

Kwa kufuata madhehebu ya Shafii, iliyo ya wengi wetu, tunaweza kuyakusanya haya:

Kwanza, mkazi wa Morogoro anayekwenda Dar es Salaam, kilomita 190 na ushei, ni msafiri, awe kwa basi, treni au ndege. Masafa yake yanazidi marhala 3, kwa hiyo kufupisha kwake ni bora kuliko kukamilisha. Anayekwenda Chalinze, kilomita 80 na kitu, yuko kwenye mpaka wenyewe. Kwa kuwa hakufika marhala 3, na kwa tofauti iliyopo katika vipimo, kukamilisha kwake ndiko bora na ndiko salama.

Pili, ruhusa huanza baada ya kuyapita majengo ya mji. Kituo cha treni kilichomo ndani ya manispaa bado ni mjini, na mkazi wa Morogoro hafupishi hapo. Vivyo hivyo mkazi wa Dar es Salaam akiwa uwanja wa ndege. Lakini mtu wa Morogoro anayepita Dar es Salaam kwenda Jeddah, bila kunuia kukaa siku 4, anafupisha akiwa uwanjani hapohapo, ilhali mwenyeji aliye karibu naye anakamilisha.

Tatu, kuchanganya swala kunaruhusiwa katika safari hiyo ndefu, lakini Mashafii wameona kuacha kuchanganya ni bora. Safari isiyofika saa 2, inayoanza na kwisha ndani ya wakati wa swala moja, haina haja ya kuchanganya. Hapa ndipo kasi ina nafasi yake: imepunguza haja ya kuitumia ruhusa, haikuifuta ruhusa.

Nne, tusigombane misikitini kwa mambo ambayo maimamu wakubwa wametofautiana kwa adabu. Anayefuata Ibn Taymiyya asimwite mwenzake mkaidi, na anayefuata Nawawi asimwite mwenzake mchezeaji wa dini. Imamu msafiri anayefupisha awatangazie maamuma wakazi kabla ya takbira, ili baada ya salamu yake wainuke na kukamilisha.

Wapagazi wa mwaka 1871 walitembea siku 14 na kungoja siku 15 ili wayakate masafa ambayo sisi tunayakata tukiwa tunasoma gazeti. Muda huo wa wiki nne aliotupunguzia Allah (s.w.) tutaulizwa tumeutumia katika nini. Wao, pamoja na tope na mizigo, walizitafuta nyakati za swala kwa kuangalia kivuli. Haitakuwa vyema sisi wenye saa mkononi tubishane juu ya rakaa mbili au nne, na huku swala yenyewe imetupita tukiwa njiani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe ufahamu katika dini Yake, awarudishe salama wasafiri wetu, na aikubali Hija ya mahujaji wetu. Na Allah ni Mjuzi zaidi.